MUNGU AJUA KESHO: JE, SISI TUNACHAGUA KWELI?

Somo la kujifunza katika vikundi na nyumbani

Fungua Biblia yako usome kwanza: 1 Samweli 23:1-13, Yeremia 18:1-10, Matendo ya Mitume 27:21-44, Kumbukumbu la Torati 30:15-20.



Jioni moja, baada ya maombi ya katikati ya juma, mama mmoja wa kanisa letu alibaki nyuma wengine walipokwisha kwenda. Akaniambia: "Papa Shemasi, nina swali, lakini usinikemee." Nikamwambia aseme. Akanikumbusha siku ile ya tarehe 27 Mei 2021. Volkano ya Nyiragongo ilikuwa imelipuka usiku wa Jumamosi tarehe 22, ardhi ikaendelea kutetemeka siku zote zilizofuata, na asubuhi ya Alhamisi ile serikali ikaamuru watu wa kartie 10 za mji wa Goma waondoke. Wote tunaikumbuka barabara ya Sake ilivyojaa watu, magodoro, mbuzi na chukudu.

Mama huyo alikuwa amebeba mtoto mgongoni na kumshika mwingine wa miaka 7 kwa mkono. Alipoachia mkono kidogo tu apate kufunga vizuri kitambaa cha mgongoni, yule mkubwa akapotelea katika kundi. Alimtafuta siku tatu, akiuliza mlango kwa mlango katika Sake, mpaka akamkuta kwa watu waliompokea. Lakini jirani yake, aliyepoteza msichana wake siku ileile na barabara ileile, hakumpata.

"Basi," akasema mama, "watu walipokuja kunishangilia walisema Mungu alijua tangu zamani kwamba wako atapatikana. Kwa jirani yangu walikwenda wakasema maneno hayohayo: Mungu alijua. Papa Shemasi, kama yote yalijulikana, siku zile tatu nilipozunguka nikilia, nilikuwa nafanya kazi gani?"

Sikumjibu usiku ule. Nilimwombea, tukaachana. Somo hili ni jibu langu kwake, na kwetu sote. Maana tangu mapigano yalipoingia mjini kwetu mwezi wa Januari 2025, tukazika watu wengi, neno hili "ilishaandikwa" halitoki vinywani mwetu. Wengine hulisema ili kujifariji. Wengine hulisema ili kuficha uvivu na makosa. Inafaa tulipime kwa Neno la Mungu.

1. SWALI LENYEWE

Swali ni hili. Tunaamini ya kwamba Mungu anajua yote. Isaya 46:9-10 hufundisha kwamba yeye hutangaza mwisho tangu mwanzo. Zaburi 139 husema anajua kukaa kwetu na kusimama kwetu, na neno letu kabla halijafika ulimini. Wala hakosei.

Sasa, kama Mungu anajua leo kwamba kesho nitasema uongo sokoni, na yeye hakosei, je, ninaweza kesho kusema kweli? Nikisema kweli, nitakuwa nimemfanya Mungu akose. Nisipoweza, basi nimefungwa, na uongo wangu si kosa langu. Vijana wetu wanaosoma huuliza swali hili, na tusiwafukuze. Ni swali la zamani, limesumbua watu wenye hekima kuliko sisi.

2. KUJUA SI KULAZIMISHA

Tuanze na mambo ya hapa kwetu. Katika mji huu kuna watu wa Observatwari ya volkano wenye mashine za kupima matetemeko ya ardhi. Sindano ya mashine ikicheza, wanajua ardhi imetikisika. Je, kuna mtu wa Goma anayesema sindano ndiyo iliyotikisa ardhi? Hapana. Ardhi imetikisika, ndiyo maana sindano imecheza. Sindano hufuata ardhi.

Tena, panda usiku juu ya Mlima Goma utazame ziwa Kivu. Utaona taa za wavuvi wa sambaza, hapa tatu, kule tano. Wewe uliye juu unaona mitumbwi miwili inakaribiana gizani, na wavuvi wenyewe hawajaonana bado. Umejua kabla yao. Lakini si wewe unayepiga kasia. Kuona kwako hakusogezi mtumbwi hata mmoja.

Mtu atasema: "Mimi mlimani naona yaliyopo sasa, lakini Mungu anaona yasiyokuja bado." Ni kweli, na hapo mfano wetu unachechemea. Lakini kumbuka 2 Petro 3:8: kwa Bwana siku moja na miaka elfu hazipimwi kama kwetu. Sisi tuko ndani ya siku kama mvuvi ndani ya mtumbwi. Yeye yuko juu ya siku zote. Kesho yetu iko mbele ya macho yake kama taa ile ilivyo mbele ya macho yako.

Sasa tufungue fundo la kile kitendawili. Kuna tofauti kati ya kusema "jambo hili litakuwa" na kusema "jambo hili halina budi kuwa". Mungu akijua kwamba kesho utasema uongo, basi ni kweli utasema. Lakini kwa nini anajua hivyo? Kwa sababu wewe, kwa moyo wako, ndivyo utakavyochagua. Ungechagua kusema kweli, tangu milele angelijua kwamba utasema kweli. Humfanyi Mungu akose, wala yeye hakushiki mdomo. Ungechagua lingine, angelijua lingine.

Wengine huleta Zaburi 139:16, panapotajwa siku zetu kuandikwa katika kitabu. Ni vema. Lakini fikiri: karani wa biro akiandika kuzaliwa kwa mtoto, je, kalamu yake ndiyo iliyomzaa? Karani huandika baada ya mtoto kuzaliwa. Mungu huandika kabla, kwa kuwa yeye huona kabla. Kuandikwa si kulazimishwa.

3. DAUDI KATIKA KEILA

Hili ndilo andiko kuu la somo letu, na wahubiri wengi hulipita. Daudi aliokoa mji wa Keila kutoka kwa Wafilisti, akakaa humo. Akasikia kwamba Sauli anataka kuja kumkamata. Akamwuliza Mungu maswali mawili: Je, Sauli atashuka? Mungu akajibu kwamba atashuka. Je, watu wa Keila watanitia mkononi mwake? Mungu akajibu kwamba watamtia.

Sasa soma aya ya 13 kwa makini. Daudi na watu wake, wapata 600, wakaondoka. Sauli akasikia kwamba Daudi ameponyoka, naye akaacha kwenda. Sauli hakushuka. Watu wa Keila hawakumtoa Daudi. Je, Mungu alisema uongo? Hasha! Mungu alimwonyesha Daudi njia ile ingeishia wapi kama angekaa. Daudi akasikia, akachagua njia nyingine.

Ona basi, Mungu anajua hata zaidi ya tunavyofikiri. Anajua yatakayokuwa, na anajua pia yale ambayo yangekuwa kama tungechagua lingine. Na anapotufunulia, hatufunulii ili tukae tukingoje. Kama Daudi angefikiri kama wengi wetu, angesema, "Mungu ameshasema watanitoa, basi imekwisha," akakaa chini mlangoni pa Keila mpaka afungwe. Na sisi tungemsifu kwa imani yake! Kumbe ingekuwa upumbavu.

Nitoe ushuhuda wangu mwenyewe. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulishuka mpaka katikati ya mji, ukapita, ukaingia ziwani. Nilikuwa kijana wa miaka 20 na kidogo. Siku chache baadaye kulikuwa na kituo cha mafuta kilichozungukwa na mawe yenye moto bado, na watu walikuwa wakienda kuchota. Rafiki zangu walinipitia, nikachukua bidoni. Mama yangu akasimama mlangoni akasema siendi. Nilinung'unika sana, lakini nikatii. Siku hiyo kituo kililipuka, watu makumi wakafa. Waliokuja nyumbani walisema, "Haikuwa siku yako." Nami nilisema hivyo miaka mingi. Leo naona nilimwibia mama yangu. Mungu alijua kwamba nitapona, ni kweli. Lakini alijua kwamba nitapona kwa sababu mama atasimama mlangoni na mimi nitatii. Mama angeweza kunyamaza. Mimi ningeweza kumpita.

4. NABII NA NENO LAKE

Kanisa letu ni kanisa la unabii, na hapa inatupasa kuwa waangalifu. Ndugu akipokea neno kwamba atapata kazi au safari, mara nyingi huacha kutafuta, akae nyumbani akingojea unabii utimie. Dada akipokea neno la kuonya, huvunjika moyo kana kwamba amehukumiwa. Wote wawili hawajaelewa.

Soma Yeremia 18. Mungu alimpeleka nabii kwa mfinyanzi, na funzo lake ni wazi: Mungu akitamka kuangamiza taifa, nalo likageuka, ataghairi mabaya yale, akitamka kulijenga, nalo likafanya uovu, ataghairi mema yale. Ndivyo ilivyokuwa Ninawi. Yona alitangaza siku 40, watu wakatubu, mji ukapona. Yona akakasirika, akaona kama amefanywa nabii wa uongo. Lakini neno lilikuwa limefanya kazi yake. Kengele ya hatari hupigwa ili watu watoke. Hakuna anayeilaumu kengele kwa sababu watu wametoka.

Wengine wanauliza: je, mwaka 2021 tulipokimbia Goma, na mlipuko wa pili uliohofiwa chini ya mji na ziwa haukutokea, ilikuwa kama Ninawi? Tusichanganye. Wataalamu husoma dalili, nao ni watu. Wanaweza kuona hatari isiyofika, kama vile tarehe 22 Mei moto ulivyoshuka kabla watu hawajaonywa. Mungu hasomi dalili. Hata hivyo, kuondoka hakukuwa kukosa imani. Aliyesikia onyo akashika mkono wa mtoto akaenda, alitumia uhuru aliopewa.

Tukumbuke pia nabii Simon Kimbangu, ambaye makanisa mengi ya unabii katika Kongo hii humhesabu kuwa baba. Alianza kazi yake Nkamba mwezi wa Aprili 1921. Mwezi wa Juni afisa mmoja wa serikali ya Wabelgiji alikuja na askari kumkamata, naye akaponyoka, akajificha kwa waamini. Mwezi wa Septemba akarudi Nkamba mwenyewe, akakamatwa. Tarehe 3 Oktoba 1921 mahakama ya kijeshi ikamhukumu viboko 120 na kifo. Mfalme Albert wa Kwanza akabadilisha kifo kuwa kifungo cha maisha. Alikaa gerezani miaka 30 katika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, akafa tarehe 12 Oktoba 1951.

Tazama: mwezi wa Juni alikwepa, mwezi wa Septemba alirudi. Alijua alichokuwa akikiendea. Nani katika Kongo ya siku zile hakujua gereza la Wabelgiji? Je, kujua kulimwondolea uhuru? Kinyume chake! Asiyejua huanguka shimoni kama kipofu. Anayejua, akaenda, ndiye aliyechagua kwa moyo wote. Ndivyo alivyokwenda Bwana Yesu Yerusalemu, akijua kila kitu.

5. MELI YA PAULO

Soma sasa Matendo 27. Paulo yumo melini katika dhoruba. Malaika anamwahidi kwamba hakuna hata mmoja atakayepoteza maisha, ila meli itapotea (aya 22-24). Ahadi ni ya Mungu, haivunjiki. Lakini mabaharia walipotaka kutoroka kwa mashua ndogo, Paulo alimwambia nini akida? Kwamba hao wasipobaki melini, wengine hawawezi kuokoka (aya 31).

Inakuwaje? Mungu ameshaahidi wokovu, na bado mabaharia wakiondoka watu watakufa? Ndugu, Mungu aliyejua mwisho alijua na njia. Alijua kwamba wote 276 watafika nchi kavu, na alijua kwamba watafika kwa sababu Paulo atasema, askari watakata kamba za mashua, na watu watakula, wataogelea na kushika mbao. Tukitaka kupokea mwisho na kukataa njia, hatumwamini Mungu wa Paulo.

Na je, makosa yetu? Yesu alimjulisha Petro mapema kwamba atamkana. Kama Petro angelazimishwa na kujulikana kwake, kwa nini alitoka nje akalia? Machozi yake ni shahidi. Hakusema, "Bwana alishajua, si mimi." Anayekula fedha ya kanisa, au kumwacha mke na watoto, kisha akasema Mungu alijua, namwomba atazame machozi ya Petro.

6. SIKU ZISIZO NA MWISHO

Kijana mmoja anayesoma sekondari aliniuliza hivi: "Papa, uzima wa milele hauna siku ya mwisho. Kama siku haziishi, Mungu anawezaje kuzijua zote? Hakuna 'zote'." Nilifurahi, maana ni swali la mtu anayefikiri.

Nilimwuliza: "Wewe unajua kwamba kila namba inayoishia kwa sifuri hugawanyika kwa kumi?" Akasema ndiyo. "Je, umezihesabu namba hizo zote?" Akacheka. Hazina mwisho, na bado anajua jambo la kweli juu ya kila mojawapo. Sisi hujua vitu vingi kwa kuhesabu kimoja kimoja, lakini hata sisi tuna kujua kusikopitia hesabu. Mfano huu ni kivuli tu, kwa kuwa kijana anajua kanuni, lakini Mungu anajua kila siku na kila mtu ndani ya siku hiyo, kama Zaburi 147:4 inavyofundisha kwamba nyota ana hesabu yake na majina yake. Mungu hakimbilii mwisho wa siku ili azijue. Siku zote hutoka kwake.

Wengine huogopa: "Kama mbinguni tutakuwa na uhuru, je, baada ya miaka milioni moja si mtu ataweza kuanguka tena kama Adamu?" Nawajibu kwa mfano wa mama. Mwambie mama mwenye akili zake amtupe mtoto wake ziwani. Hatafanya leo, hatafanya kesho, hatafanya hata ukimpa miaka elfu. Je, amefungwa kamba? Hapana, anapenda. Hatuhitaji kungoja tuone kama siku moja atakubali, wala hatusemi uhuru wake umepungua. Uhuru wa kweli ni kutenda mema unayoyapenda bila kitu cha kukuzuia. Leo moyo wetu umegawanyika, ndiyo maana kuchagua kwetu kunachoka na kuteleza. Siku ile moyo utakuwa mzima. Mungu mwenyewe anajua yote atakayotenda milele, na hakuna aliye huru kuliko yeye.

7. TUMJIBU MAMA YULE

Sasa narudi kwako, mama yangu. Uliuliza siku zile tatu ulikuwa ukifanya kazi gani. Mungu aliyejua kwamba mtoto atapatikana aliijua miguu yako ikitembea Sake, aliijua milango uliyobisha, aliwajua watu waliompa mwanao uji na mahali pa kulala. Usingetafuta, hakuna kitabu kilichokulazimisha. Kutafuta kwako hakukuwa mchezo uliokwisha kuamuliwa. Kulikuwa kazi ya mama, na Mungu aliifahamu tangu milele kuwa yako.

Na jirani yako? Hapa naomba sisi sote tuogope kusema ovyo. Yeye naye alitafuta. Tusimwambie kwamba hakutafuta vya kutosha, wala tusimwambie kwamba Mungu alimnyang'anya mtoto kwa kujua kwake. Kujua kwa Mungu hakukusukuma mtu barabarani. Kwa nini yeye aliyejua hakuzuia? Ayubu aliuliza swali la namna hii. Mungu aliwakemea rafiki zake kwa majibu yao. Mimi shemasi sitajiweka pamoja na rafiki hao. Najua jambo moja: asiyesahau nyota moja hajasahau msichana yule. Alipo, Mungu anapajua, na siku zisizo na mwisho ni nyingi za kutosha kumrudishia mama yake.

Basi kazi yetu ni kwenda kukaa naye, kumpelekea unga na makala, na kuendelea kuuliza habari za mtoto. Hayo tunaweza kuyachagua leo.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika 1 Samweli 23, Mungu alisema Sauli atashuka, naye hakushuka. Eleza kwa maneno yako kwa nini huo si uongo.
2. Ni mara gani umetumia neno "ilishaandikwa" kuficha kosa au uvivu?
3. Ukipokea unabii mwema, utafanya nini asubuhi inayofuata? Na ukipokea wa kuonya?
4. Nani katika kikundi chetu amepoteza mtu wake? Nani ataenda kwake juma hili?

Tuombe: Ee Mungu unayejua kesho, utusaidie leo kuchagua uzima, kama Kumbukumbu la Torati 30 inavyotuagiza. Wakumbuke waliopotea njiani. Utupe sisi miguu ya kuwatafuta. Kwa jina la Yesu, Amina.